Nani Aliyeiona Dawa Kalundu?

Kila siku ya shule Félicité aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuamka kwa kupenda, aliamka kwa sababu ya maji. Katika mtaa wao wa Kimanga, hapo Uvira, robine, yaani bomba la watu wote, ilitoa maji ilipotaka yenyewe. Leo ilitiririka, kesho ilikohoa hewa tupu, keshokutwa ilinyamaza kabisa. Aliyewahi alipanga bidoni zake, madumu ya manjano, kwenye mstari, akakalia moja na kungoja. Aliyechelewa alirudi nyumbani mikono mitupu, au alimwita mmoja wa wale wanaume wa baiskeli wanaochota maji ziwani na kuyapeleka mlango kwa mlango.

Félicité alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kushika mambo na, tuseme ukweli tangu mwanzo, mwenye kupenda sifa kuliko inavyofaa. Mjomba wake Gédéon, mdogo wake mama, alikuwa na chumba kidogo hapo Kimanga ambamo aliwachapia watu barua na kutengeneza kompyuta. Likizo iliyopita alikuwa amemfundisha mpwa wake kutengeneza tovuti yake mwenyewe. Félicité alikuwa ameweka humo michoro yake ya samaki, vitendawili alivyofundishwa na mama, na picha za ziwa lilipopanda na kuingia majumbani. Tovuti ilikuwa na wasomaji kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa ndugu zake.

Asubuhi moja, akiwa amekalia bidoni yake, aliwasikia wanawake wakipashana habari. Huyu alisema robine ya upande wa kanisa inatoka, yule alisema si kweli, alipita hapo sasa hivi. Félicité akawaza kwamba maneno yale yote yangeweza kuandikwa mahali pamoja, kila mtu akayasoma kabla ya kubeba bidoni. Jioni akamwomba mjomba amwongezee kwenye tovuti sehemu ambayo si yeye peke yake angeiandika, bali mtu yeyote.

Mjomba Gédéon alitumia Jumamosi nzima kwenye kazi hiyo. Alipomaliza alimkalisha Félicité mbele ya kompyuta na kumweleza pole pole.

"Sehemu hii si yako peke yako tena," alimwambia. "Muntu yeyote anaweza kuandika humu, kusahihisha, hata kufuta. Lakini nyuma yake iko daftari. Kila badiliko linabaki humo: saa ngapi, na kutoka simu gani. Hata kilichofutwa kinabaki."

Félicité aliuliza daftari hilo lilikuwa la nini. Mjomba akamjibu kwamba watu wakigombana, ni vizuri kujua nani aliandika nini. Félicité alicheka na kuuliza nani angegombana juu ya maji, ingawa asubuhi ileile alikuwa ameona wanawake wawili wakivutana bidoni moja mpaka mfuniko ukaruka.

Sehemu ile waliiita Ukurasa wa Maji. Ilibeba habari za aina mbili: robine ipi inatoka leo, na ziwani ni wapi dawa inatiwa. Hapo pa dawa yafaa nieleze kidogo. Uvira inakijua kipindupindu kama mtu anavyomjua jirani mbaya. Kwa hiyo, penye kuchotea maji kando ya ziwa husimama mtu wa kujitolea mwenye ndoo na bomba la sindano lisilo na sindano. Anatia kipimo cha klori katika kila bidoni na kukuambia ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Pale Kalundu, karibu na bandari, mtu huyo alikuwa Papa Gracien, mzee aliyewahi kubeba mizigo ya meli, mwenye sauti iliyokwaruza. Hakuna bidoni iliyompita hivi hivi.

Lakini bidoni ikishapanda baiskeli na kufika mitaani, nani angejua? Dawa ni kidogo, haina rangi. Ukimuuliza mtu wa baiskeli kama maji yake yametiwa dawa, anasema ndiyo kabla hujamaliza swali. Ndiyo maana akina mama wenye kujihadhari waliyachemsha maji ya baiskeli yote, yenye dawa na yasiyo na dawa, na makala, yaani makaa, yakaisha upesi. Ukurasa wa Maji uliwapunguzia kazi hiyo. Mtu akiandika kutoka Kalundu kwamba Papa Gracien yuko na anatia dawa, walinunua na kunywa. Kama hakuna aliyeandika, waliwasha mbabula, lile jiko la makala, na kuchemsha. Desturi hiyo ilizoeleka ndani ya wiki mbili tu, na hakuna aliyekaa chini kuipanga.

Aliyeusoma ukurasa ule kwa bidii kuliko wote alikuwa Uwimana. Yeye na Félicité walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Uwimana aliishi Nyamianda na nyanya yake, Mama Marie-Rose, aliyetoka uwanda wa Ruzizi na kumlea tangu wazazi wake walipofariki. Mama Marie-Rose hakujua kusoma. Kila asubuhi alimwambia mjukuu wake asome ukurasa kwa sauti, na akishasoma alimwambia, "Soma tena." Ndipo alipoamua kama atawasha moto au hatawasha. Félicité alipowatembelea, mzee alimshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa makala anayomwokolea. Félicité alirudi nyumbani kifua mbele.

Sifa zikafika shuleni. Mkuu wa shule akatangaza kwamba Jumanne ijayo wageni kutoka ofisi ya elimu wangekuja kuuona Ukurasa wa Maji, na Félicité angesimama mbele ya shule nzima kuwaonyesha jinsi wakaaji wa mji wanavyouandika pamoja. Wenzake walimpigia makofi. Uwimana alipiga kuliko wote.

Basi, wiki hiyohiyo watu wakaacha kuandika. Mvua ilinyesha mfululizo, mega za intaneti ya simu zilikuwa ghali, na kila mmoja alidhani mwenzake ameandika. Kusoma walisoma. Jumamosi ukurasa ulipata mistari miwili, Jumapili mmoja, Jumatatu haukupata hata neno. Félicité aliufungua na kuufunga mara ishirini siku ile.

Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na dakika chache, mvua ikigonga bati, aliufungua tena. Chini ya tarehe ya siku hiyo ulikuwa mweupe. Alifikiria wageni, alimfikiria mkuu wa shule, aliwafikiria wale wenzake waliokuwa wakimwonea wivu na ambao wangecheka mpaka Krismasi. Akaanza kuandika mwenyewe. Aliandika mistari mitano kwa majina matano ya kubuni. Mstari wa nne ulisema hivi: "Kalundu. Papa Gracien yuko hapa tangu saa kumi na mbili. Anatia dawa kila bidoni. Mama Aline."

Aliichagua habari hiyo kwa sababu kila Jumanne Papa Gracien huwa Kalundu. Jumanne iliyopita, baada ya shule, alikuwa amemwona kwa macho yake. Na jina alilichagua kwa sababu kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na akina Aline ni wengi. Alidhani jina kama hilo ni la kila mtu, kwa hiyo si la mtu. Alijiambia kwamba hakuwa anadanganya, alikuwa anaandika jambo la kweli ambalo hajaliona bado. Wangapi kati yetu hatujawahi kujiambia hivyo?

Lakini Jumanne ile Papa Gracien hakuwako Kalundu. Dawa yake ilikuwa imeisha Jumatatu jioni, na asubuhi alikuwa njiani, kwa miguu, kwenye mvua, akienda kuomba nyingine kwenye ghala. Watu wa baiskeli walifika ziwani, wakakuta hakuna wa kuwazuia, wakachota na kuondoka.

Nyamianda, Uwimana alimsomea nyanya yake ukurasa. Mzee akasema, "Soma tena." Uwimana akasoma tena. Mama Marie-Rose akanunua bidoni mbili kwa mtu wa baiskeli, akajaza kikombe, akanywa. Uwimana naye alikunywa kidogo kabla ya kwenda shule.

Wageni walikuja, wakaona mistari mitano, wakafurahi. Mmoja aliwapiga picha Félicité na mkuu wa shule. Félicité alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Jumatano Uwimana hakuja shuleni. Alhamisi vilevile. Habari ililetwa darasani na msichana mwingine wa Nyamianda, saa ya mapumziko, na aliisema kama mtoto anavyosema jambo asilolielewa. Mama Marie-Rose alianza kuhara na kutapika Jumatano alfajiri. Kufika adhuhuri miguu haikumbeba tena. Walimpeleka kwa pikipiki hadi kituo cha wagonjwa wa kipindupindu, wauguzi wakahangaika kutafuta mshipa wa kumtia maji ya serumu, na Alhamisi asubuhi akakata roho. Uwimana naye aliugua, lakini mwili wake mchanga ulishinda. Watu wengine saba wa mtaa ule walikuwa bado wamelazwa.

Félicité hakulia. Alipofika nyumbani aliingia uani, akafungua ukurasa na kuufuta mstari wa Mama Aline. Mstari ukatoweka, hakuna aliyeweza kuuona tena. Kisha akalikumbuka lile daftari la nyuma.

Jumamosi alikwenda na mama yake kwenye matanga. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu hauogeshwi na ndugu, na Uwimana hakuruhusiwa hata kumgusa nyanya yake mara ya mwisho. Alikuwa ameketi mkekani, amekonda, macho makavu. Alipomwona Félicité alisogea kumpa nafasi, akamwegemea bega. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini:

"Weye unawajua watu wa ukurasa. Nisaidie kumtafuta Mama Aline."

Félicité aliuliza wa nini.

"Sitaki kumgombeza. Nataka kumuuliza kama aliona kweli. Nyanya aliniambia nisome tena, nikasoma tena. Minye ndiye nilimsomea, Félicité."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Félicité alifungua kinywa, na kilichotoka ni kwamba atamsaidia.

Jumapili baada ya misa wasichana wale wawili walishuka Kalundu. Waliwauliza wachuuzi wa samaki, waliwauliza wabeba mizigo wa bandarini, waligonga milango ya nyumba zilizo karibu na maji. Uwimana aliuliza kwa adabu, akieleza habari ya nyanya yake kila mlango, na kila mlango alipewa pole. Félicité alisimama nyuma yake, akimtafuta mwanamke aliyemtunga kichwani mwake mwenyewe. Niambieni, wasomaji wangu, kuna adhabu gani inayozidi hiyo? Na bado hakusema.

Jumatatu jioni walimpata. Ndiyo, walimpata, kwa sababu Mama Aline alikuwako. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kuuza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, njia ya bandari, na mtoto wake wa kwanza kweli aliitwa Aline. Alishangaa sana. Alisema hajui kuandika, na simu yake ni ile ndogo ya kupiga na kupokea tu. Lakini wateja waliokuwa wamesimama pale walikuwa wameshasikia vya kutosha. Mmoja aliuliza kwa nguvu kama huyu ndiye aliyewanywesha watu maji machafu. Mwingine alirudisha ndagala alizokwisha kuzipokea. Uwimana alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu, kisha akageuka bila kuaga.

Jumanne habari ilikuwa imeenea mpaka Kimanga. Wanawake waliikwepa meza ya Mama Aline, watoto walimwita muuaji, na mtu mmoja aliyekuwa na mgonjwa kituoni aliupindua ungo wake, ndagala zikamwagika matopeni. Mama Aline aliziokota moja moja, akaweka ungo kichwani na kurudi nyumbani kabla ya saa sita.

Félicité aliposikia hayo alikwenda mbio kwa mjomba wake. Hakumweleza kitu. Alimwomba tu alifute daftari la nyuma la Ukurasa wa Maji. Mjomba Gédéon alimtazama, akalifungua, akasoma. Majina matano, simu moja, Jumanne asubuhi. Simu ileile, Alhamisi alasiri, mstari mmoja umefutwa. Alivua miwani na kuiweka mezani.

"Unaweza kulifuta?" Félicité aliuliza.

"Naweza. Ni dakika mbili."

"Basi lifute, Mjomba, nakuomba."

"Nikilifuta, mama yule atabaki muuaji mpaka siku ya kufa kwake, na watoto wake watakuwa watoto wa muuaji. Sema kama hivyo ndivyo unavyotaka."

Félicité akaanguka kwenye kiti na kulia, kilio chote alichokuwa amekizuia tangu Alhamisi. Mjomba hakumbembeleza. Alimngoja amalize, akampa maji ya kunawa uso. Alimwambia kwamba kesho matanga yanafungwa, majirani wote watakuwako, na hapo ndipo pa kusema. Yeye angemsindikiza mpaka mlangoni, lakini asingefungua kinywa kwa niaba yake.

Kesho yake ua wa Mama Marie-Rose ulijaa. Walikuwako watu wa Nyamianda, ndugu kutoka uwandani, na Papa Gracien amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Wazee walipomaliza kusema maneno ya kushukuru, mjomba Gédéon aliomba nafasi kwa ajili ya mpwa wake. Félicité alisimama katikati.

"Mama Aline anayeuza ndagala hakuandika kitu," alisema. "Niliandika minye. Yale majina yote ni minye. Wageni walikuwa wanakuja shuleni na ukurasa ulikuwa mutupu. Sikufika Kalundu. Sikuona kitu."

Uwimana aliinuka mkekani na kumsogelea mpaka wakawa uso kwa uso. Hakupiga kelele.

"Ulitembea na minye siku mbili?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukagonga milango na minye?"

"Ndiyo."

Uwimana akaingia ndani na kufunga mlango. Heri angempiga kofi.

Shangazi yake Uwimana ndiye aliyenyanyua mkono, na watu wengine wakaanza kunguruma. Papa Gracien akasimama kati yao na Félicité. Kwanza alijilaumu mwenyewe. Alisema alipoondoka Jumanne hakuacha alama yoyote pale ziwani ya kuwaambia watu kwamba dawa imeisha, na jambo hilo litamsumbua siku zake zote. Kisha akamgeukia msichana.

"Uliogopa utupu, mwanangu," alimwambia kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Sasa sikia. Huo utupu ulikuwa na kazi. Ungeuacha ukurasa mutupu, Mama Marie-Rose angewasha mbabula. Angechemsha maji, angekunywa, na leo angekuwa hapa."

Mjomba Gédéon alimshika mpwa wake mkono wakatoka.

Alhamisi, Félicité na mama yake walikwenda kwa Mama Aline. Félicité alipiga magoti mbele ya ungo wa ndagala na kusema kila kitu. Mama Aline alisikiliza huku akifukuza nzi. Alijibu kwamba amesikia, lakini aliyemwaga ndagala zake hakusikia, na wale waliowafundisha watoto wao kumwita muuaji hawakusikia. Basi Félicité akasema tena mezani pa jirani, na meza iliyofuata, na nyingine, mpaka mwisho wa njia ya bandari. Wengine walimtukana, wengine walimhurumia, na mmoja alimwambia asogee kwa sababu anazuia wateja. Wateja wa Mama Aline walirudi pole pole, si wote. Wale saba waliolazwa walipona, mmoja baada ya mwingine.

Shuleni ile picha ya Félicité na mkuu wa shule, iliyotundikwa baada ya siku ya wageni, iliondolewa ukutani bila maelezo. Félicité alitaka Ukurasa wa Maji ufungwe kabisa, lakini Papa Gracien alikataa. Alisema ukurasa haukuua mtu, na kuufunga kungekuwa njia nyingine ya kukimbia. Wakaketi watatu, yeye, Félicité na mjomba, wakaupanga upya. Mtu aandike alichokiona leo, yeye mwenyewe, kwa jina ambalo mtaa unalijua. Mistari yote ijifute kila siku kabla ya mapambazuko. Na juu kabisa pawe na maneno haya mpaka mtu wa kwanza aandike: "Leo hakuna aliyeona bado. Chemsha maji." Siku za shule Félicité aliandika habari za robine ya Kimanga tu, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiona. Jumamosi na Jumapili alitembea mpaka Kalundu, akaangalia, ndipo akaandika. Siku nyingi ukurasa ulikuwa na mistari miwili, na hakuna aliyeongeza wa tatu ili upendeze.

Uwimana sasa aliishi Kalundu kwa shangazi yake. Darasani alihamia dawati la mwisho. Félicité alimsalimu kila asubuhi kwa miezi mitatu, na kwa miezi mitatu Uwimana alipita kama amepita karibu na ukuta. Walimu waliwasihi wapatane, wakachoka. Félicité hakumlaumu. Alijua hesabu ya jambo alilolifanya haikuwa ya kumalizika kwa kusema samahani.

Jumamosi moja Félicité aliamka na homa, akachelewa kutoka. Alipofungua ukurasa alikuta mstari umeshaandikwa: "Kalundu, saa moja kasoro robo. Nimeona mwenyewe. Leo hakuna dawa. Chemsheni. Uwimana."

Alisoma mara tatu. Akasahau homa yake, akavaa kandambili na kushuka mpaka Kalundu, nusu akitembea, nusu akikimbia. Papa Gracien alikuwa ameketi kando ya maji, ndoo yake tupu imefunikwa, na mbele yake ameweka kibao kilichoandikwa kwa makaa kwamba dawa haijafika. Félicité alimwonyesha simu, akihema, na kumuuliza kama hiyo maana yake Uwimana amemsamehe.

Mzee aliishika simu mbali kidogo na macho, akasoma pole pole, akamrudishia.

"Sijui," alisema. "Na weye hujui. Hapa pameandikwa kwamba Kalundu hakuna dawa, ni hilo tu. Ile Jumanne uliandika jambo ulilolitaka liwe. Leo unataka kusoma jambo unalolitaka liwe. Ni kosa lilelile, mwanangu. Mtoto yule ametuambia ukweli ili watu wasife. Kama iko kingine moyoni mwake, atakisema mwenyewe, au hatakisema. Rudi nyumbani ukachemshe maji."

Félicité akairudisha simu mfukoni. Uwimana alikuwa amesimama mbele kidogo, kando ya ziwa, akiwaonyesha watu wa baiskeli kile kibao, na hakugeuza kichwa. Félicité alipanda hadi Kimanga, akawasha mbabula, akateleka sufuria kubwa, na kukaa kando yake mpaka maji yakachemka.